Usipokee

Wifi yangu ana mdomo. Sisemi kwa ubaya. Najua wifi akimsema wifi mwenzake watu husogeza viti wasikilize ugomvi, lakini mimi nasema lililo kweli: mdomo ndio uliomlisha. Yeye ni msusi, na nani atakubali kukaa nusu siku kwenye kiti cha plastiki, kichwa kinavutwa huku na huku, halafu msusi mwenyewe kanyamaza? Wateja walikuja kusukwa, ndiyo, lakini walirudi kwa ajili ya maneno.

Jina la Redio alipewa na mumewe, mdogo wangu wa tumbo moja, kwenye wiki ya kwanza ya ndoa. "Dada, hii redio niliyooa haina kitufe cha kuzimia," aliniambia, na kwa jinsi alivyokuwa anatabasamu nilijua hata kitufe kingekuwepo asingekigusa. Yeye tangu utotoni maneno yake ni ya kupima kwa kijiko. Akija likizo kutoka kambi ya jeshi alikuwa anakaa kwenye kona ya saluni, anaegemea ukuta, anafumba macho, huku mkewe anapiga soga na wateja. Ukadhani kalala. Thubutu! Redio akitoka kidogo kwenda kuchota maji, bwana anafumbua macho. "Mbona mmezima?" anauliza.

Chumba cha kazi kilikuwa kimoja, tukikitumia wote wawili. Upande wa ndani ni wa Redio: kioo kirefu chenye ufa uliozibwa kwa utepe, draya inayonguruma kuliko inavyokausha, makopo ya dawa, vitana vimesimama ndani ya bilauri. Upande wa mlangoni ni wangu na cherehani yangu, kwa sababu fundi nguo anahitaji mwanga kuliko msusi. Kwa hiyo yote yaliyotokea mle ndani niliyaona, nipende nisipende.

Vita ilipoanza kikosi chake kilipelekwa mpakani, kisha kikaambiwa kivuke. Huko ng'ambo simu zilikamata mtandao wa nchi nyingine, mtandao wenye njaa: unapiga, mtu anapokea, anasema "haloo" na kuvuta pumzi, salio limekwisha. Meseji ndiyo walikatazwa kabisa, wakubwa walisema maandishi yanasomwa na adui. Basi usiku wa kuamkia kuvuka, mdogo wangu alipiga, akatoa maelekezo kama yuko kwenye gwaride.

"Kila jioni wakituruhusu nitakubipu. Milio mitatu, nakata. Ukiisikia, ujue mimi mzima. Usipokee. Umenisikia? Usipokee."

"Nimesikia," Redio akasema. "Lakini na mimi nitakujibuje?"

"Wewe ongea tu. Mimi nitajua unaongea."

Sasa mwambie mtu mwenye kiu asinywe maji aliyoyashika. Wiki haijaisha, simu ikalia, Redio akapokea. "Mume wangu! Hali yako? Unakula? Unalala wapi?" Hajamaliza, tii, imekatika. Salio la bwana limezikwa pale. Na vocha huko mstari wa mbele si kitu cha kununua dukani kwa jirani. Inangojwa mpaka lori la chakula lije. Zikapita siku nyingi hakuna bipu. Redio alikonda, wifi yangu. Alimuunguza mteja sikio kwa pasi ya nywele, akamwomba radhi huku analia yeye badala ya aliyeungua. Bipu iliporudi alipiga magoti kwenye sakafu iliyojaa nywele, akaapa mbele yangu na mbele ya Mungu kwamba simu ile ikiita jina la mumewe hataipokea tena, hata mbingu ianguke. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu ung'ongo wake ulikuwa kile kitufe cha kijani.

Ikawa ndiyo desturi ya saluni. Jua likianza kupungua Redio ananawa mikono, anaifuta, anaiweka simu kwenye rafu chini ya kioo. Wateja wenyewe wanazima draya. Mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu, kimya. "Mzima!" tunaitikia wote, hata mgeni aliyeingia kuuliza bei. Kisha Redio anaichukua simu iliyokwisha kukatika na kuihadithia siku nzima: nani kasukwa, nani kakimbia na rasta nusu kichwa kwa sababu mume kamwita, mimi nimeshona gauni mikono yote ya kushoto. Watu wanacheka. Mimi nilikuwa nainama kwenye cherehani, maana macho yalikuwa yananiuma.

Sasa ile siku.

Kwenye kiti alikuwepo mwalimu wa shule ya jirani, kichwa nusu kimesukwa. Simu ikalia. Tukanyamaza. Moja, mbili, tatu. Midomo tumeshaifungua tuseme "Mzima!" ikalia tena. Nikatoa mguu kwenye kanyagio.

"Redio. Inaendelea."

Alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja.

"Pokea," nikamwambia.

"Sipokei."

"Pokea wewe mwanamke, huyo anakuita!"

"Wifi, niache! Nilishaapa. Unataka nimlie mume wangu salio tena?" Halafu uso wake ukafunguka, sijui niseme vipi, ukawa wa bibi harusi. "Hanipigii huyu. Ananibembeleza! Leo kapata nafasi, kaamua kunibipu kwa raha zake."

Akaichukua simu kutoka kwenye rafu, akaibana kifuani ikiwa inatetemeka, akaanza kucheza. Alicheza katikati ya ndoo na viti, kiuno chake chote, macho kayafumba. Mwalimu akapiga makofi. Simu ikalia mpaka ikachoka yenyewe. Hatujapumua, ikaanza tena, ikaita mpaka mwisho. "Mara mbili!" Redio akapiga kelele. "Nani kama mimi mtaa huu?" Mwalimu akapiga vigelegele, na mimi, pamoja na hasira zangu zote, nikacheka. Watu husema majuto ni mjukuu. Sisi mjukuu wetu alizaliwa mle saluni, tukampokea kwa vigelegele.

Kesho yake hakukuwa na bipu. Wala kesho kutwa. Mteja mmoja akasema labda mtandao, mwingine akasema labda chaji, kila mmoja akaleta labda yake, na Redio akawa anazikusanya. Jioni ananawa mikono, anaweka simu, tunazima draya, tunasikiliza inzi.

Ilipolia ilikuwa asubuhi, namba ngeni. Hiyo aliipokea mlio wa kwanza haujaisha. Alikuwa ofisa wa jeshi, sauti ya upole, ile sauti ambayo mke wa askari haombi kuisikia. Nilisogea nikatega sikio pale pale kwenye simu. Ofisa akasema yuko hai. Yuko hospitali. Bomu lilianguka pembeni ya handaki; mikono ipo, miguu ipo, macho yapo. Masikio ndiyo yameharibika.

"Masikio tu?" Redio akauliza, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Masikio ni nini? Mleteni! Nitamsikilizia mimi!"

Walimleta wakati madaktari wa jeshi wameshamaliza yao, wameshasema mishipa ya kusikia imekufa pande zote mbili na haitafufuka. Alishuka kwenye gari kwa miguu yake. Redio akamrukia barabarani na maneno yake yote, mume wangu umekonda, mume wangu karibu, nimekupikia, nimekutandikia, maneno hayana nukta. Mdogo wangu alikuwa anamtazama mdomo. Akamwekea vidole vyake kwenye ile midomo, polepole, kama mtu anayegusa chungu kujua kama bado kina moto.

"SIKUSIKII, MKE WANGU," akasema, kwa sauti iliyowatoa majirani madirishani.

Hilo tulilizoea. Yule aliyekuwa anapima maneno kwa kijiko sasa alikuwa hajisikii mwenyewe, na kila alilosema mtaa mzima ulilipata. Nyumba haikuwa na siri tena. Mboga ikipungua chumvi jirani wa tatu anajua. Akimwambia mkewe kwamba usiku alimkumbatia vizuri, kesho yake mwenye duka ananiuliza mimi hali ya wifi. Tulicheka, tungefanyaje? Kumjibu, tulimwandikia. Mimi nilitoa kipande cha bitana nyeusi na chaki yangu ya kukatia nguo. Unaandika, anasoma, unakung'uta, unaandika tena. Kitambaa kile kilikuwa kinazunguka mezani pamoja na sahani.

Na kilikuwa mezani mchana ule alipouliza.

"Ile siku nilipopiga," alisema, "mara mbili, ikaita mpaka mwisho. Ulikuwa wapi?"

Redio alikuwa ameshika kijiko. Alikiweka chini. Alinitazama mimi, akavuta kitambaa, akaandika: *Simu ilikuwa kwenye chaji kwa jirani.*

Nikameza tonge bila kutafuna. Funika kombe mwanaharamu apite, nikajisemea. Kuna uongo wa kuiba na kuna uongo wa kumfunika mtu shuka.

"Nilijua tu," akasema mdogo wangu, akatikisa kichwa. "Nilijua hukuwepo." Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kufanya maisha yake yote: akasimulia. Alisema kesho yake walikuwa wanasonga mbele na simu zinakusanywa. Alisema mwenzake wa handaki moja alikuwa amepata salio kubwa, akamrushia nusu, akamwambia ongea na mkeo mpaka liishe. "Na mimi sikuwa na la kusema. Nilitaka nikusikie tu. Uniambie umemsuka nani. Mwenzangu akampigia mama yake, mama akapokea, akamhadithia habari za kuku, kuku gani ametaga, kuku gani ameibiwa na mwewe. Jamaa anacheka, anafuta machozi, anacheka. Asubuhi akafa. Mimi nikaamka hospitali, masikio yanavuma, halafu hata kuvuma kukaisha." Alichukua maji, akanywa. "Kwa hiyo sauti ya mwisho ya nyumbani niliyoisikia ni simu inaita. Si kosa lako. Ilikuwa kwenye chaji. Hata salio lenyewe lipo mpaka leo, sijaligusa, sina wa kumsikiliza."

Akaendelea kula. Redio akainuka, akasema anakwenda kuangalia moto. Hatukuwa na moto wowote.

Tangu siku ile redio ikazimwa. Jamani, niliona maajabu. Saluni ile ile, kioo kile kile, mikono ile ile inasuka, na hakuna neno. Wateja walidhani anaumwa, wakaanza kuhamia kwa msusi wa kona ya pili ambaye hajui hata kugawa mistari lakini anajua kusengenya. Na mdogo wangu alikuja kukaa kwenye kona yake kama zamani, ila sasa macho hayafumbi. Anamtazama mkewe mdomoni kutwa nzima, na mdomo haufunguki. Nilimwona anavyomtazama. Alikuwa anajiuliza amekosea nini.

Mimi si mtu wa kuvumilia. Siku moja bwana amekwenda kunyoa, nikafunga mlango.

"Utamuua huyo," nikamwambia Redio. "Bomu limemwacha, wewe unammaliza. Anadhani humtaki kwa sababu ni kiziwi."

"Simtaki?" Akaniangalia kama nimemtukana mama yake. "Wifi, kila nikifungua mdomo nasikia ile simu inaita. Alikuwa ananiomba maneno, mimi! Maneno, ambayo nawapa hata watu wasionilipa. Kwake nikayabania. Sasa niongee na nani? Nimwambie nini?"

"Mwambie kweli."

"Nimwambie nilikuwa nimeishika mkononi? Nimwambie nilikuwa nacheza?"

Ningeweza kumwambia kwamba mimi nilisema pokea. Neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi, na lilikuwa halali yangu. Nilimtazama yule mwanamke, amekaa kwenye kiti cha wateja wake, mikono imelala mapajani kama si yake, nikalimeza. Nikachukua bitana nyeusi na chaki nikamwekea magotini.

"Ni heshima uliyokuwa unampa," nikasema. "Alikwambia usipokee, hukupokea. Lakini na uongo huu nao usimtwishe. Anaishi nao kama mtu mwenye jiwe kwenye kiatu."

Mdogo wangu aliporudi, kichwa kinang'aa, Redio alikuwa bado amekaa pale. Alimwashiria aje. Akaandika, akakandamiza mpaka chaki ikakatika, akaokota kipande akaendelea. Nilisoma maneno yamepinduka kichwa chini, nikiwa kwenye cherehani. *Nilidanganya. Simu nilikuwa nayo. Nilidhani unanibipu kwa furaha. Wifi alisema pokea nikakataa. Niliibana kifuani nikacheza. Nisamehe.*

Alisoma. Akasoma tena. Sijawahi kuona mtu anasoma maneno machache kwa muda mrefu namna ile.

"Ulikuwa nayo mkononi," akasema. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, sauti yake ilikuwa ndogo.

Redio akaitikia kwa kichwa.

"Ukacheza?"

Akaitikia tena, machozi yanadondokea kwenye chaki.

"Niliweka sheria ya kijinga," mdogo wangu akasema. "Nilikuwa naisikia inaita, nasema moyoni, pokea, mke wangu, pokea, na huku mimi ndiye niliyekufunga mikono. Ningeliacha salio lile la mwanzo liishe, ningenunua jingine, ningekopa, ningeiba. Sauti yako nilikuwa nayo bure miaka yote, nikaifanyia ubahili." Akageuka, akatoka nje.

Redio akajikunja kwenye kiti. Mimi nikasema moyoni, basi, nimeiharibu nyumba ya ndugu yangu kwa mdomo wangu mrefu.

Simu yake ikalia kwenye rafu.

Tuliruka sote. Jina la mumewe lilikuwa linawaka pale chini ya kioo. Mlio wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Redio alikuwa amesimama, mikono hewani, anasubiri ikate. Haikukata. Nikachungulia mlangoni: mdogo wangu amesimama kibarazani, ametugeuzia mgongo, simu iko mbele ya macho yake.

"Pokea wewe mwanamke," nikasema. "Huyo anakuita."

Akapokea.

Mwanzo ilikuwa kilio tu. Kisha ikaja "mume wangu", kisha "mume wangu, leo nimemsuka mke wa mwenye duka, ana kichwa kigumu kama nazi", kisha bwawa likapasuka. Akamhadithia mwalimu na kichwa chake nusu, mteja aliyeungua sikio, magauni yangu ya mikono ya kushoto, wale wote waliokuwa wanaitikia "Mzima!" wasiomjua hata sura. Akamwambia alivyomkosa. Akamwambia mambo ambayo wifi hapaswi kuyasikia, nikajifanya natafuta sindano.

Nje, mdogo wangu alikuwa anazitazama sekunde. Kwenye simu zile ndogo zinaonekana, zinakimbia mstari mmoja, na maadamu zinakimbia mtu wa upande wa pili yupo. Alizitazama kidogo, kisha akaiweka simu sikioni, akaegemea nguzo ya kibaraza, akafumba macho.

Salio la yule marehemu wa handakini halikuwa la milele. Niliiona skrini ya Redio ikizimika shavuni kwake. Hakuiona, aliendelea kuongea. Nikatoka nimwambie ndugu yangu. Nilipomfikia alifumbua macho, akaitoa simu sikioni, akaona kwamba sekunde zimesimama. Akanitazama. Kisha akaangalia ndani, kupitia mlango, mdomo wa mkewe unavyokwenda mbio.

Akairudisha simu sikioni, akafumba macho tena.